Mtazamaji, Mnyama na Msimulizi: Historia ya Maoni juu ya Vipindi vya Televisheni vya Wanyamapori katika Afrika ya Mashariki

Ubora wa vipindi vya televisheni vinavyohusu wanyamapori umezoeleka kupimwa kwa macho ya watu wa mbali. Mtu aliyeketi London, Frankfurt au New York huulizwa kama picha zilimpendeza, kama msimulizi alimsisimua, na kama angependa kuona zaidi. Yule ambaye simba na nyumbu hao wamepigwa picha katika nchi yake aghalabu hufikiriwa kuwa sehemu ya mandhari, wala si mtazamaji mwenye hukumu yake. Makala haya yanafuatilia historia ya jambo hilo tangu miaka ya 1930, na yanadai kwamba suala la ubora, likitazamwa kutoka Afrika ya Mashariki, ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la picha.

Kesses, kusini-mashariki ya mji wa Eldoret, ni mahali panapofaa kuanzia. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa hapo kwa sheria ya mwaka 1984, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa elimu ya misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mgeni anayefika leo huona mashamba ya mahindi na ngano, ng'ombe wa maziwa, bwawa, na mabweni. Haoni twiga. Hata hivyo, Makaburu walipoufikia uwanda huu wa Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, waliukuta umejaa kongoni, pundamilia, swala na simba. Twiga wa aina ya Rothschild, aliyeingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1903, alikuwa mkazi wa pande hizi hizi. Bunduki, seng'enge na jembe la plau vilimaliza wengi wao katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja.

Kundi moja la twiga hao lilibaki katika shamba kubwa la Soy, upande wa pili wa Eldoret, hadi miaka ya 1970. Shamba lilipokaribia kugawanywa kwa wakulima, Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua mtoto wa twiga na kumlea nyumbani kwao Lang'ata, Nairobi, wakampa jina la Daisy. Betty aliandika kitabu juu yake mwaka 1977, na mwaka 1979 kituo cha CBS cha Marekani kilionyesha filamu ya televisheni, The Last Giraffe, iliyotokana na kitabu hicho. Wengine katika kundi walihamishiwa kwingine, pamoja na hifadhi ya Ziwa Nakuru. Basi katika muda wa miaka michache twiga wa Uasin Gishu aliondoka katika ardhi ya Uasin Gishu na kuingia katika sebule za Wamarekani. Mtoto wa Kesses anayetaka kumwona leo hana budi kusafiri au kuwasha televisheni. Kwa mtazamaji wa namna hiyo kipindi cha wanyama hakimpeleki ugenini. Kinamrudishia, kwa sauti ya mgeni, kitu ambacho babu yake alikijua kwa jina.

Je, maoni ya mtazamaji huyu yamewahi kuulizwa? Yameulizwa, na mapema kuliko inavyodhaniwa, ingawa si kwa ajili ya vipindi vya wanyama. Mwaka 1935, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York na chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, ulianzishwa mradi wa filamu za elimu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouongoza walikuwa Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Hadi ulipokwisha mwaka 1937 mradi ulikuwa umetengeneza filamu fupi 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini kwa gari lenye mtambo wa kuonyeshea. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadha za Kiafrika, na kupigwa sambamba na picha. Baada ya maonyesho watazamaji waliangaliwa, wakasikilizwa, na maofisa, wamisheni na walimu wakaombwa taarifa. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1937.

Mradi huo ulikuwa wa kikoloni kwa nia na kwa utekelezaji. Lakini yafaa ukumbukwe kwa sababu moja: watengenezaji wake waliona tangu mwanzo kwamba picha bila ya maneno katika lugha ya mtazamaji ni nusu ya filamu. Waliobeba sahani za santuri za lugha mbalimbali juu ya barabara za vumbi za mwaka 1935 walilichukua suala hilo kwa uzito kuliko vituo vingi vya televisheni vilivyokuja baadaye na mitambo bora zaidi.

Fikra iliyotawala baadaye ilikuwa nyingine. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, kilifuata mafundisho ya William Sellers, kwamba Mwafrika asiyesoma anahitaji filamu ya mwendo wa polepole, picha zisizobadilishwa haraka, na mambo machache. Ushahidi uliotolewa mara nyingi ni kisa kilichosimuliwa na John Wilson na kuenezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, juu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba mna kuku. Walipoikagua filamu picha kwa picha, wakamkuta: kuku alikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kisa hiki kimefasiriwa kuwa dalili ya udhaifu wa watazamaji. Kinaweza kufasiriwa kinyume chake. Katika filamu nzima kuku ndiye kiumbe pekee ambaye hakuigizwa: hakuambiwa apite wala hakupewa maneno. Watazamaji walimchagua yule aliyekuwa wa kweli. (Na mfugaji yeyote atakubali kwamba kuku anayekimbia ovyo si jambo la kupuuzwa.) Kama hiyo si hukumu juu ya ubora wa filamu, basi neno hukumu halina maana. Miaka mingi baadaye watazamaji wa Ulaya na Amerika walifika katika kipimo kicho hicho. Mwaka 1982 televisheni ya Kanada ilifichua kwamba tukio la panya wa barafu kujitupa majini katika filamu ya Disney ya mwaka 1958, White Wilderness, lilikuwa la kupangwa. Na mwaka 2011 palizuka malalamiko Uingereza ilipojulikana kwamba mtoto wa dubu katika kipindi cha BBC, Frozen Planet, alipigwa picha katika bustani ya wanyama, na msimulizi hakusema. Hakuna aliyeandika kwamba Waingereza hao hawakuelewa walichokitazama.

Filamu iliyofungua njia kwa vipindi vya wanyama wa Afrika ya Mashariki ni ile ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, ya mwaka 1959. Walizunguka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda, wakahesabu wanyama wakubwa 366,980. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar. Baba aliendelea na kipindi chake katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, alichokuwa amekianza mwaka 1956. Humo alitangaza kwamba ziko safari za kitalii za kwenda Afrika ya Mashariki, wakati ambapo safari hizo hazikuwapo, ili makampuni yalazimike kuzianzisha, nayo yakazianzisha.

Jambo linalohusu makala haya ni mzozo wa Wiesbaden. Huko ndiko iliko kamati ya Ujerumani inayozipa filamu daraja za ubora. Kamati haikuwa na neno juu ya picha za Grzimek. Ilichokitaka ni kufutwa kwa baadhi ya maneno ya msimulizi, hasa yale yaliyodai kwamba wanyama wa Afrika ni mali ya wanadamu wote, sawa na majengo ya kale ya Athens na Roma. Grzimek alikataa. Kwa hiyo katika filamu ile iliyozaa utanzu mzima, mzozo wa kwanza juu ya ubora ulikuwa mzozo juu ya sentensi. Na sentensi zenyewe zilistahili kuzozaniwa, ingawa si kwa sababu za kamati. Mtu anaposema mbele ya mamilioni ya watazamaji kwamba nyumbu wa Serengeti ni wa wanadamu wote, mfugaji anayeishi na nyumbu hao amekuwa mpangaji. Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa, Wamasai wakaondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikafanywa eneo la pekee. Katika filamu wanaonekana, lakini maneno ni ya Grzimek. Hakuna kamati popote iliyowauliza daraja yao.

Miongoni mwa waliofanya kazi na akina Grzimek alikuwa kijana wa Kenya, Alan Root, ambaye pamoja na mkewe Joan alitengeneza kwa ajili ya mfululizo wa Survival wa Uingereza vipindi ambavyo havijapitwa kwa urahisi. Katika Mysterious Castles of Clay, ya mwaka 1978, waliingia na kamera ndani ya kichuguu. Kazi hiyo iliteuliwa kuwania Oscar, na maelezo yake yalisomwa na Orson Welles kwa sauti yake nzito. Kwa mtazamaji wa Amerika kilikuwa kipindi cha miujiza. Mtazamaji wa magharibi ya Kenya anakitazama kwa namna nyingine: mchwa anamjua kwa hasara ya nguzo zake, na kumbikumbi anamjua kwa ladha. Anajua mvua gani humtoa, saa ngapi, na jinsi ya kumnasa. Ajabu yake haiko katika kuwapo kwa ngome ile, bali katika vyumba vya ndani ambavyo hajapata kuviona, malkia, bustani za uyoga, mianya ya hewa. Msimulizi anayetumia dakika kumi kumshangaza kwa lile analolijua, kisha akapita haraka lile asilolijua, amemfanyia kazi mbovu hata kama kamera ni bora kuliko zote. Hapa ndipo inapoonekana kwamba ubora si sifa inayokaa ndani ya kipindi peke yake. Hupimwa baina ya kipindi na ujuzi ambao mtazamaji amekuja nao.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likataifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Uganda ilifuata mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, kwa rangi na kwa Kiswahili, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Vipindi vya wanyama vilivyoonyeshwa Kenya kwa muda mrefu vilikuwa vya kununuliwa, na msimulizi alisema Kiingereza. Vichekesho na mashauri ya mahakama ya kuigiza vilipewa Kiswahili, kwa sababu ilidhaniwa kwamba kucheka na kugombana ni mambo ya wananchi. Elimu ya viumbe ikaachiwa lugha ya shule. Mgawanyo huu haukuamriwa na mtu, na labda ndiyo maana umedumu.

Hoja ya kawaida ya kuutetea ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hoja hii ni dhaifu. Uhaba upo katika istilahi za kisayansi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vimelishughulikia jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini msimulizi wa kipindi cha wanyama hahitaji istilahi nyingi. Anahitaji vitenzi: kunyatia, kuvizia, kurukia, kucheua, kuatamia, kubweka, kuparura, kujibanza, kutimka. Katika vitenzi vya aina hiyo Kiswahili hakina njaa. Tatizo la kweli liko kwa wazungumzaji, ambao wengi wao, hasa wa mijini, huchanganya duma na chui, na hawatofautishi kozi na kipanga. Tatizo hilo halitatibiwa kwa kukinyima Kiswahili kipindi. Mtu hujifunza jina la mnyama kwa kumwona na kulisikia jina lake kwa wakati mmoja, na televisheni ni mahali pachache ambapo mambo haya mawili yangeweza kukutana.

Kuna jambo la sarufi ambalo halijapewa uzito unaostahili. Katika Kiingereza msimulizi hana budi kuchagua kiwakilishi: ama mnyama awe kitu, ama awe mwanamume au mwanamke. Lawama kubwa ya wanasayansi wa Ulaya juu ya vipindi hivi, kwamba humfanya mnyama kuwa mtu, huanzia katika chaguo hilo. Kiswahili hakina chaguo hilo. Simba, mchwa na samaki hutawaliwa na upatanisho wa A-WA kama vile mwalimu na mkulima. Hata majina yenye umbo la KI-VI huiacha ngeli yake: kiboko amelala, vipepeo wametua. Sarufi imekwisha kumpa mnyama nafasi ya kiumbe mwenye uhai, bila ya kumpa hisia za binadamu na bila ya kumtaja jinsia. Anayetaka jinsia atasema simba jike au simba dume. Kwa sababu hiyo msimulizi wa Kiswahili anaweza kusema kwa utulivu mambo ambayo mwenzake wa Kiingereza hayasemi bila ya kuonekana ama baridi ama mwenye kupamba. Na tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza huipoteza faida hiyo, kwa kuleta yule mama simba na yule baba simba wasiohitajika.

Lakini kama sarufi haimfanyi mnyama mtu, ngano humfanya. Katika hadithi za Kiswahili fisi ni mlafi na mjinga, na sungura humshinda kila siku. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi hizo hukipokea kipindi cha fisi akiwa na hukumu tayari. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi wa Ngorongoro huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayewapokonya. Hata hivyo filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994, The Lion King, iliyojaa majina ya Kiswahili, iliwarudisha fisi katika ujambazi wao wa zamani.

Hapa mtazamaji wa Kesses si mtazamaji wa kawaida. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, aliorodhesha koo za Wanandi na wanyama wao: simba kwa Talai, nyati na korongo mwenye taji kwa Moi, fisi kwa Tungo, na kadhalika. Mtu hakutakiwa kumdhuru mnyama wa ukoo wake. Kwa mtu wa ukoo wa Tungo, basi, fisi anayedhihakiwa kwa muziki wa kuchekesha si mhusika wa pembeni. Hata kama hafuati tena miiko ya wazee, anayo sababu ya kuuliza kwa nini mnyama aliyekuwa na heshima nyumbani kwao amepewa kazi ya kuwa mwizi katika kila kipindi. Malalamiko kama hayo hayana kisanduku katika fomu zinazohesabu ni watu wangapi waliwasha televisheni saa ngapi.

Mfano wa karibu zaidi ni mfululizo wa BBC, Serengeti, wa mwaka 2019, uliopigwa picha Tanzania na kusimuliwa kama tamthilia. Katika toleo la BBC msimulizi alikuwa John Boyega, na katika toleo la Marekani alikuwa Lupita Nyong'o, kwa Kiingereza. Picha zake ni za kupendeza mno. Wahusika walipewa majina: simba jike aliitwa Kali, fisi Zalika, na nyani akaitwa Bakari. Kwa mtazamaji wa Uingereza majina haya ni mapambo, harufu ya Afrika iliyonyunyizwa juu ya hadithi. Kwa Mswahili hayawezi kuwa mapambo. Kali ni kivumishi, tena kilichokosa kiambishi. Jina la mtu haliko hivyo, ingawa mbwa wa geti angeweza kuitwa Mkali. Na Bakari ni jina la babu, la shehe, la jirani, linalotokana na Abu Bakr, khalifa wa kwanza. Kumpa nyani jina hilo katika lugha ambayo nyani ni tusi na methali ni kosa ambalo msomaji yeyote wa mswada anayejua Kiswahili angeliona katika ukurasa wa kwanza. Haielekei kwamba palikuwa na nia mbaya. Inaelekea zaidi kwamba hakuna aliyefikiri kwamba akina Bakari wangetazama.

Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya anayeongoza shirika la WildlifeDirect, amelieleza tatizo hilo kwa upande wa biashara: filamu nyingi zinazopigwa Kenya huuzwa nje, na kwa Wakenya huwa ghali au hazifiki kabisa. Jibu lake lilikuwa kutengeneza mfululizo wa Wildlife Warriors, ulioanza kuonyeshwa katika Citizen TV mwaka 2019, ambamo wanaoeleza habari za wanyama ni Wakenya wanaofanya kazi nao, wachunguzi, askari wa wanyamapori, wanakijiji. Upande wa Tanzania, mwaka 2018 shirika la utangazaji la taifa lilianzisha chaneli ya pekee ya vivutio vya nchi. Kwa kadiri watu wenyewe wanavyoonekana wakisema mbele ya kamera, kigezo cha ubora kimeanza kuhama. Mtu anayeeleza jinsi tembo walivyoingia katika shamba lake usiku, na jinsi alivyowafukuza kwa moto na madebe, hahitaji muziki wa kutia hofu.

Kinachobaki ni kazi ya wanalugha, nayo ni ya kawaida kabisa. Majina ya ndege, wadudu na majani yaliyomo katika Kinandi, Kikeiyo, Kimasai na Kisukuma hayajakusanywa kwa utaratibu na kulinganishwa na ya Kiswahili. Ndovu wa Kenya na tembo wa Tanzania bado hawajapatanishwa, na huko pwani tembo bado huweza kunywewa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliwaeleza wanyama wengi kwa kusema tu kwamba ni aina ya mnyama au aina ya ndege. Mwandishi wa maelezo ya kipindi, akifungua kamusi saa nne za usiku ili ajue yule ndege mwekundu wa shingo aitwaje, bado anapata jibu hilohilo.